Timu inataka saini yangu, mdogo wangu anataka kuondoka kabla ya mtihani

Mshauri, shikamoo.

Nimeshaongea na kila mtu wa ukoo kuhusu jambo hili, na kila mmoja ameniachia jibu lake akaenda zake. Naomba na wewe unisikilize.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31 na ninamlea mdogo wangu wa kiume mwenye miaka 17. Mama alitangulia, baba akafuata, na wakati huo huyu mtoto alikuwa bado shule ya msingi. Mimi nilikuwa chuoni, mwaka wa pili wa uuguzi. Niliacha, nikatafuta kazi, na mpaka leo niko kwenye kazi hiyo hiyo. Sisemi haya ili nihurumiwe. Nayasema ili uelewe kwa nini cheti cha sekondari cha huyu mtoto kina uzito ndani ya nyumba hii.

Anacheza gemu inayoitwa Dota 2. Kwa asiyeijua, kama nilivyokuwa mimi: ni watu watano dhidi ya watano, kila mmoja kwenye kompyuta yake, na kazi ni kuivunja ngome kuu ya wapinzani. Pambano moja linaweza kumaliza dakika arobaini, lingine saa nzima. Alianza kwa kompyuta za kukodi, kisha akawa anakusanya vipuri vya mitumba kimoja kimoja mpaka akaunda ya kwake. Niliona ni mchezo wa kupitishia muda. Siku moja rafiki yake akanitumia kiungo cha mashindano ya mtandaoni. Nilifungua nikiwa kazini, nikawakuta watangazaji wawili wanapiga kelele huku wakirudia jina moja. Nilitazama kwa muda kabla sijang'amua kuwa jina hilo ndilo aliloliandika kwa kalamu ya wino kwenye begi lake la shule.

Sasa imejitokeza timu ya kulipwa ya nchi nyingine. Wamemtumia mkataba wa miaka miwili. Mshahara wanaoutaja ni karibu mara mbili ya wangu. Atakaa kwenye nyumba ya timu na wachezaji wenzake wanne pamoja na kocha, chakula na malazi juu yao. Kwenye zawadi za mashindano timu inakata asilimia 30. Kuna kurasa ambazo sikuzielewa vizuri, za kurusha michezo mubashara, za matumizi ya jina na picha yake, na kipengele kinachosema timu inaweza kuongeza mwaka wa tatu kwa hiari yake. Kwa kuwa hajatimiza miaka 18, wanataka saini ya mlezi. Na wanataka aripoti wiki chache kabla ya mtihani wa mwisho wa sekondari.

Nilimwambia asubiri amalize mtihani. Akanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulionikata maini: "Dada, mtihani utakuwepo na mwakani. Nafasi hii haitakuwepo." Akanisimulia habari za Sumail Hassan, kijana wa Karachi aliyetwaa ubingwa wa The International, yale mashindano makubwa kabisa ya Dota, akiwa na miaka 16. Akasema mwaka 2021 fungu la zawadi lilifika dola milioni 40. Akasema mchezaji akifika miaka 25 vidole vimeshazeeka. Kisha akasema maneno ambayo yananikosesha usingizi: "Miezi minne ijayo natimiza 18, nitasaini mwenyewe. Lakini nataka usaini wewe."

Baba mdogo anasema nisaini, ngoja ngoja huumiza matumbo. Shangazi anasema mtoto ameshalewa gemu, apelekwe hospitali. Mwalimu wake wa hesabu, niliyetegemea ataniunga mkono, aliniambia alama hazijashuka, ila kijana yupo darasani kiwiliwili tu.

Nami nina yangu. Analala kwa kuchelewa mno kwa sababu wenzake anaocheza nao wako mbali na saa zao si zetu. Nimemwona akikanda kifundo cha mkono. Halafu kuna siku naamka saa saba usiku namkuta amezima kompyuta mwenyewe, anaosha vyombo ili nisivikute asubuhi. Sijui huyo ni mlevi wa namna gani.

Nikisaini na mambo yakaharibika, nitawaambia nini wazazi wetu waliotangulia? Nikikataa, ataondoka miezi minne ijayo akiwa na kinyongo, na mimi ndiye ndugu pekee aliye naye. Hivi hii ni kazi kweli, au ni moshi?

Dada Mlezi

---

Marahaba, mwanangu. Poleni kwa kuondokewa na wazazi, na hongera kwa kazi uliyoifanya.

Kama nimekuelewa, umebeba mambo matatu kwa mpigo. La kwanza ni kama gemu inaweza kumlisha mtu mzima. La pili ni kama karatasi uliyoletewa ni ya haki. La tatu, ambalo hukulisema moja kwa moja, ni utabaki kuwa nani kwa huyu kijana baada ya wino kukauka. Ukoo wako unakupa jibu moja kwa yote matatu, ndiyo maana hakuna lililokutosha.

Tuanze na hilo la moshi, maana ndilo jepesi. Kazi ipo. Mwaka 1972 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford walishindana kwenye mchezo wa Spacewar, na zawadi ilikuwa usajili wa mwaka mmoja wa jarida. Mwaka 1997 Dennis Fong alishinda mashindano ya Quake akaondoka na gari aina ya Ferrari lililokuwa la mmoja wa watengenezaji wa mchezo huo. Baada ya hapo Korea Kusini ikaweka gemu kwenye televisheni, ikaunda chama cha kuisimamia mwaka 2000, na vijana wakaanza kulipwa mshahara. Kwenye Michezo ya Asia iliyofanyika Hangzhou mwaka 2023, gemu zilitoa medali kamili, na Wakorea waliopata dhahabu ya League of Legends walisamehewa utumishi wa kawaida wa jeshi, ambao kwao ni wa lazima kwa wanaume. Serikali haimsamehe mtu jeshi kwa sababu ya moshi. Kwa hiyo shangazi na wengine wanaosema ni upuuzi wa watoto, hapo wamepitwa.

Lakini kazi kuwepo ni jambo moja, na kazi hiyo kumtunza mdogo wako ni jambo jingine. Hizo dola milioni 40 ni za kweli. Ila sijui kama amekusimulia hadithi yote, au kama yeye mwenyewe ameisikia yote. Fungu lile halikutoka kwenye mfuko wa kampuni inayomiliki Dota peke yake. Mashabiki walikuwa wananunua pasi ya kidijitali ndani ya mchezo, na robo ya mauzo ilikuwa inaingizwa kwenye zawadi. Mwaka 2023 kampuni ikaachana na utaratibu ule wa pasi kubwa. Fungu la mwaka huo likaishia dola milioni 3 na kidogo. Mwaka 2024 halikufika hata 3. Mchezo ni ule ule, mashindano ni yale yale. Na hata mwaka ule wa neema, zaidi ya milioni 18 kati ya 40 zilikwenda kwa timu moja, Team Spirit. Timu zilizotolewa mapema zilipata sehemu ndogo sana, na zile zilizoshindwa kufuzu hazikupata kitu humo.

Simwambii aache kuota. Namwambia asome namba kwa mwaka anaoingia, asisome za mwaka aliokuwa na miaka kumi na mitatu.

Kuna jambo lingine ambalo watu wa mpira hawalioni haraka. Mpira wa miguu hauna mwenyewe. Hakuna anayeweza kuamka asubuhi akaufuta. Gemu ina mmiliki, na mmiliki ndiye anayeamua kama kutakuwa na ligi, kama sheria zitabadilika, kama mchezo wenyewe utaendelea kutunzwa. Desemba 2018 kampuni ya Blizzard ilitangaza kuwa mashindano yake ya Heroes of the Storm hayatarudi mwaka unaofuata. Wachezaji waliokuwa wanaishi kwa mchezo huo walijikuta hawana ligi. Hawakuwa wameshuka kiwango, wala hawakuwa wamekosa nidhamu. Dota ni mchezo mkubwa zaidi na una umri mrefu, lakini kanuni haibadiliki. Mdogo wako akiwa hodari kiasi gani, ardhi anayosimama ni ya mtu mwingine.

Sasa huyo Sumail. Ni kweli alishinda The International mwaka 2015 akiwa na miaka 16, na timu ya Evil Geniuses, na simulizi yake inapendwa na vijana wengi kwa sababu alianzia mahali ambapo hakuna aliyekuwa anapatazama. Lakini muulize mdogo wako swali hili, kwa utaratibu, bila kumtega: Sumail alihamia Marekani na nani? Alihamia na familia yake, mwaka mmoja kabla ya ubingwa. Alikuwa mtoto kwenye timu ya watu wazima, na watu wake walikuwa nchi ile ile. Mdogo wako anaombwa aende peke yake. Sisemi haiwezekani, wapo waliokwenda peke yao wakafanikiwa. Nasema mfano aliouchagua unaunga mkono hofu yako kuliko anavyodhani.

Na hilo la vidole kuzeeka kwenye 25, lina ukweli na lina chumvi. Ni kweli wengi huacha mapema, wengine kwa uchovu, wengine kwa maumivu, wengine kwa sababu timu imepata mtoto mwingine wa bei nafuu. Lakini Johan Sundstein alishinda The International mwaka 2018 na tena 2019, ile ya pili akiwa na miaka 25. Clement Ivanov, aliyekuwa bingwa wa mwaka 2011, alikuwa bado jukwaani mwaka 2021 akiwa na miaka 31. Yaani umri wako wewe. Kwenye League of Legends, Lee Sang-hyeok, maarufu kama Faker, alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 2024 akiwa na miaka 28. Ili nisikufiche upande mmoja: huyo Faker aliacha sekondari ili acheze. Kijana wako akilijua hilo atakuletea, ni vizuri ulijue kabla. Nawe ukitaka mfano wa upande wa pili, Sylvia Gathoni wa Kenya, anayecheza Tekken kwa jina la QueenArrow, alisajiliwa na timu ya nje akiwa mwanafunzi wa sheria.

Mifano haitakata shauri hapa. Kila upande una mabingwa wa kuutaja. Ila inaonyesha kuwa miezi michache haimzeeshi mtu wa miaka 17. Kinachoweza kuwa cha kweli kwenye haraka yake ni msimu wa usajili. Timu nyingi za Dota huvunja na kuunda vikosi upya baada ya The International, na nafasi ikijazwa inaweza kukaa imejazwa kwa muda. Kwa hiyo anaposema nafasi haitakuwepo, usimwone anakutisha. Inawezekana anasema kweli kuhusu nafasi hii, hata kama si kweli kuhusu kila nafasi.

Nije kwenye hofu ya ulevi. Shirika la Afya Duniani limeuweka ugonjwa wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, kwa hiyo shangazi hakulitoa hewani. Lakini soma kinachotazamwa: mtu hawezi kujizuia, gemu inatangulizwa mbele ya mambo mengine yote ya maisha, anaendelea ijapokuwa inamharibia, na hali hiyo kwa kawaida huwa imedumu miezi 12 au zaidi. Saa nyingi peke yake si kipimo. Mtoto uliyenieleza anazima mashine mwenyewe, alama zake zimesimama, na anakumbuka vyombo. Mimi si daktari wake. Ila kama ningekuwa nawe jikoni usiku ule, nisingeanza kwa kumtafutia hospitali ya ulevi.

Ningemtafutia mtu wa kumtazama mkono. Hilo umelitaja kwa sentensi moja ukapita, na mimi naliona ni kubwa kuliko ulivyolipa nafasi. Jian Zihao, mchezaji wa China aliyejulikana kama Uzi, alitangaza kustaafu mwaka 2020 akiwa na miaka 23, mwili umechoka, ana kisukari cha aina ya pili na maumivu ya mkono. Kifundo kinachokandwa kwenye umri wa miaka 17 kabla hata ya kuanza ratiba ya kulipwa ni habari ambayo timu yenyewe ingetaka kuijua, na wewe ungetaka kujua timu itafanya nini nayo. Je, wana daktari? Akiumia, mshahara unaendelea au unasimama?

Hapo tumeshaingia kwenye karatasi. Umeniandikia mengi kuhusu mtihani na kidogo kuhusu mkataba, ilhali saini yako inaombwa kwenye mkataba. Mtihani hauombi saini ya mtu. Tafuta mwanasheria, hata wa kulipa kwa saa moja tu, akae na zile kurasa ulizoziruka. Asilimia 30 ya zawadi si neno la kukimbilia kulaani wala kusifu kabla hujaona nyingine zinasemaje. Kipengele cha mwaka wa tatu kwa hiari ya timu ndicho kilichonifanya niweke miwani vizuri. Maana yake, kama kimeandikwa kama ulivyonieleza, ni kwamba wao wanaweza kumbakiza na yeye hawezi kuondoka. Je, mwaka huo mshahara unapanda? Je, timu nyingine ikimtaka, wanaruhusiwa kudai ada ya kumwachia, na ada hiyo ina kikomo? Na kama kocha akimweka benchi miezi sita, anabaki amefungwa huku hachezi? Kwa mchezaji wa umri huu, kukaa benchi bila ruhusa ya kuondoka kunauma kuliko kufukuzwa.

Zile kurasa za kurusha mubashara na za jina na picha nazo usizidharau. Wachezaji wengi hupata fedha kwa watazamaji wao na kwa wadhamini kuliko kwenye zawadi. Mwaka 2019 Turner Tenney, anayejulikana kama Tfue, aliishtaki timu yake FaZe Clan huko Marekani, akidai mkataba aliosaini uliipa timu hadi asilimia 80 ya mapato ya baadhi ya udhamini. Timu ilipinga madai yake, na mwaka uliofuata wakamalizana. Sijui nani alikuwa na haki, na kwako haijalishi. Kinachokuhusu ni kwamba ugomvi wao haukuwa kuhusu nani anajua kucheza.

Mambo mengine ya kuuliza ni ya kimama zaidi, na usione aibu kuyauliza. Anaingia nchi hiyo kwa viza ya aina gani? Viza ya utalii kwa kawaida haimruhusu mtu kufanya kazi ya mshahara. Pasipoti yake inakaa kwake au ofisini kwao? Tiketi ya kurudi imelipwa na nani, na akitaka kurudi kabla ya wakati? Nani mtu mzima anayelala kwenye nyumba hiyo? Ratiba ya siku ikoje, wanalala saa ngapi? Omba uongee kwa video na kocha, na ukiweza, na mzazi wa mchezaji mwingine. Timu nzuri imeshaulizwa maswali haya na ina majibu. Timu ikikasirika kwa sababu mlezi wa mtoto wa miaka 17 ameuliza atalala wapi, hilo nalo ni jibu.

Sasa niruhusu nikuguse mahali panapouma. Umesema cheti chake kina uzito ndani ya nyumba yenu, na ukaanza kwa kunieleza chuo ulichokiacha wewe. Nilisoma sehemu hiyo mara mbili. Je, mtihani anaotaka kuuruka ni wa kwake tu, au kuna wako ndani yake? Sikuulizi ili nikupunguzie hoja. Hoja ya shule inasimama kwa miguu yake: hata ndani ya ulimwengu wa gemu kuna milango inayofunguliwa na cheti hicho. Chuo Kikuu cha Robert Morris, Chicago, kilianza mwaka 2014 kutoa ufadhili wa masomo kwa wachezaji wa League of Legends, na vyuo vingine vikafuata, na kwa kawaida mtu haingii chuo bila kumaliza sekondari. Nakuuliza kwa sababu yeye anakujua. Akihisi anaombwa alipe deni la maisha yako, atalikataa deni pamoja na shule, hata kama shule yenyewe hana ugomvi nayo. Zitenganishe. Mwambie la kwako kama la kwako, na la mtihani kama la mtihani.

Njia zilizo mbele yako ninavyoziona haziko mbili. Unaweza kusaini mkataba kama ulivyoletwa, na hatari yake umeshaiona: akifika huko mambo yakigoma, hana cheti na hana ndugu wa karibu, na mkataba unaweza kumshika kwa mwaka wa tatu. Unaweza kukataa, na hapo unanunua miezi minne tu. Inawezekana miezi hiyo ikatosha mtihani kufanyika, na hilo si dogo. Lakini baada ya hapo anaweza kusaini karatasi ile ile, au mbaya kuliko hiyo, bila jicho lako juu yake, kwa sababu ameshajifunza kuwa jicho lako linakataa tu.

Unaweza pia kuwajibu timu kwa masharti. Kwamba aripoti baada ya mtihani, na mpaka hapo afanye mazoezi nao kutokea nyumbani kwa saa zitakazokubalika. Kwamba kipengele cha mwaka wa tatu kiondolewe, au kiwe cha kukubaliana pande zote. Hatari yake ni kuwa wakamchukua mwingine, na kijana akakuhesabia wewe. Usiikwepe hatari hiyo kwa kumficha. Kama utawaandikia, andikeni pamoja, yeye akiwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, na neno la mwisho kwenye kila mstari mlipatane. Akiona walivyojibu, atakuwa amelisoma jibu kwa macho yake, hatahadithiwa na dada. Fahamu tu kuwa mazoezi ya mbali yana kasoro zake. Seva, yaani kompyuta kuu inayoendesha mchezo, ikiwa mbali, kila anachobonyeza kinachelewa kufika, na kwenye kiwango hicho mtu anaweza kuonekana mzito kumbe ni intaneti. Kocha analijua hilo. Muulize atampimaje.

Na ipo njia ya kuahirisha mtihani, kama mfumo wa shule yenu unaruhusu mtu kuufanya mwaka unaofuata bila kurudia darasa. Sauti yake ya "mtihani utakuwepo na mwakani" inaweza kuwa ya mtu aliyeulizia, au ya mtu anayekisia. Wewe ulizia. Kama upo, basi mkataba uandike kabisa siku za ruhusa za kurudi kuufanya, na nauli ni ya nani. Hatari hapa wengi wanaijua: mwakani huwa na mashindano yake.

Nimeliacha mwisho lile neno lake, "nataka usaini wewe." Umelisikia kama kitisho, na si ajabu, kwa sababu ametanguliza miezi minne mbele yake. Lakini kijana anayetaka kukukwepa angenyamaza, angengoja, angesaini. Huyu ana njia ya kupita bila wewe na amekuonyesha mlango huo ulipo. Sijui moyo wake, huenda anaharakia msimu wa usajili tu. Huenda pia anataka ndugu yake pekee awe amekubali. Wewe unaweza kumuuliza, mimi siwezi. Muulize siku asiyo na pambano, na kabla ya kumuuliza mwombe akuonyeshe mchezo mmoja mwanzo mpaka mwisho, akueleze anafanya nini na kwa nini. Najua ni dakika arobaini za kelele. Utamsikia akizungumza kuhusu kazi yake kama mtu mzima, au utamsikia akizungumza kama mtoto, na vyovyote itakavyokuwa utajua zaidi ya ninavyojua mimi kwa barua.

Wiki hii ulizia shule kuhusu kuahirisha mtihani, maana maombi ya namna hiyo huwa na tarehe ya mwisho. Mwanasheria aione ile kurasa ya mwaka wa tatu. Na huo mkono uangaliwe. Ukipata majibu, niandikie tena, na kijana akitaka kuongeza maneno yake chini ya barua yako, mwachie nafasi.

Mshauri